Mafuta ya Nazi

Lori lilikohoa mara mbili, likazimika kabla ya kufika Tegeta. Kondo aliruka chini, akafungua bomba la mafuta. Ndani mlikuwa mweupe kama nta.

Tangu vita vianze, dizeli ilikuwa haipatikani. Alfajiri hiyo mkewe alikuwa na uchungu siku ya pili, mkunga akasema apelekwe hospitali ya mjini. Mama mkwe akatoa debe zima la mafuta ya nazi. Waliyapasha moto wakayamimina, wakamlaza mgonjwa nyuma ya lori, injini ikaitika. Sasa baridi ya Julai ilikuwa imeyagandisha.

Kondo alilifumbata bomba kwa viganja, akalisugua, akalipulizia pumzi. "Vumilia, mke wangu, yanayeyuka!"

"Fanya hima, baba," mama mkwe alijibu kutoka nyuma ya lori.

Jua lilipanda. Tone la kwanza lilidondoka, kisha la pili, angavu kama maji. Kondo aliwasha injini, ikanguruma, harufu ya nazi ikatanda barabarani.

"Mama, shikeni vizuri, twende!"

Mama mkwe alikuwa amevua kanga yake ya kichwani, anamfunika bintiye uso.

"Usikimbize tena, mwanangu," alisema. "Geuza polepole."