Masikio ya Mzee Mbwana, Macho ya Bi Mashavu

Asubuhi kompyuta ya nyumba ilipomaliza kujisasisha, masikio ya bandia ya Mzee Mbwana yalizima. Mkewe, Bi Mashavu, hakubabaika. Alichomoa waya, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauchomeka tena. Skrini ikaandika: "Tangu leo, nyumba moja, kiungo kimoja cha bandia."

Kumbe! Na macho yake yeye yalitegemea kompyuta hiyohiyo. Lakini binti yao Shani alikuwa njiani na mtoto mchanga, na mzee hajapata kuisikia sauti ya mjukuu wake. Bi Mashavu akaangalia vizuri chupa ya chai ilipo na vikombe vilipo, kisha akabonyeza kuyazima macho yake.

"Baba Shani, wanisikia?"

"Hee! Punguza sauti, mke wangu, utanipasua."

"Jioni tutabadilishana," akasema, akimimina chai huku kidole kikipima ukingo wa kikombe.

"Skrini imeandika tena. Maandishi mekundu."

"Yanasemaje?"

"Si wewe ndiye uliyesoma? Herufi ya kwanza kama mwiko..."

Mtoto akalia mlangoni.

"Ndiye huyo!" Mzee akatoka mbio.

Bi Mashavu akabaki anaipapasa skrini. Ilikuwa laini kama sahani, na herufi hazikushikika.