Zamu ya Maji

"Kwa sheria yetu, Vicent amekubali kutoa viungo vyake, kwa kuwa hakuwahi kukataa," daktari alisema. "Lakini bila neno lenu hatumgusi."

Mume wangu akaja juu. "Kwa hiyo kimya cha mwanangu ndiyo ruhusa? Hadi figo zetu ni mali ya serikali?"

"Ndiyo maana tunawauliza, mzee."

Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa Vicent. Asubuhi pikipiki ilimtupa barabarani akitoka shambani. Mashine ilikuwa inampumulia, lakini ubongo ulishakufa. Mkono ulikuwa bado na joto, na tope la mfereji limekauka chini ya kucha.

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwetu Valencia, shamba lako likishakunywa unafunga lango lako la mfereji, maji yashuke kwa jirani wa chini, hata kama hamsalimiani. Ukiyang'ang'ania, kijiji kizima kinakuita mwizi.

"Alifunga lango?" nikamuuliza mume wangu.

"Unauliza maji saa hizi, mwanamke?"

"Alifunga?"

"Alifunga. Jirani alinipigia, maji yamemfikia mapema."

Nikamgeukia daktari. "Na mgonjwa wa kwanza kwenye foleni ya figo, amesubiri muda gani?"

"Miaka minne, mama."

Mume wangu akautazama ule mkono wenye tope, akavua kofia yake polepole.

"Mpigieni simu," akasema. "Mwambieni zamu yake imefika."