Mtindi wa Chumvi

Wanawake watatu marafiki walichagua mkahawa wa Kituruki kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kula pale. Nyama ilikuja juu ya mikate myembamba, pamoja na bilauri tatu za mtindi wenye povu.

Tunu alipiga funda moja, uso ukamkunjamana. "Mama yangu! Wametia chumvi! Mtindi gani huu usio na sukari?"

Zamda naye alionja, akameza kwa shida. Mwezi mzima sasa mumewe alikuwa akisukuma kando kopo la sukari na kutia chumvi kwenye mtindi wa nyumbani. Alipomuuliza nani kamzoeza, alicheka tu.

Akamtazama Kibibi. Bilauri yake ilikuwa imefika nusu.

"Shoga, wewe hujashtuka?"

"Nishtuke nini? Mbona mtamu."

"Umeuzoea wapi?"

"Ndiyo kwanza leo, Zamda. Ulimi wangu hauna makuu."

"Huyu hata maji ya bahari angekunywa," Tunu alisema huku akicheka.

Zamda hakucheka. Povu jeupe lilikuwa limebaki juu ya mdomo wa Kibibi. Alinyoosha mkono, akalipangusa taratibu kwa kidole gumba, na kidole hakukiondoa, akisubiri jibu jingine.