Pumzi ya Trauti

"Mrudishe majini! Unamuua!"

Mwoka mikate aligutuka. Trauti wake wa kwanza maishani, samaki wa mtoni, alikuwa akipapatika nyasini, na yeye amesimama akimchekelea kama bwana harusi. Daktari wa mifugo alikuja akiyakata maji mbiombio, akapiga magoti ukingoni, akalowesha viganja kabla ya kumgusa samaki.

"Mkono mkavu unamchubua," alisema. "Na hewa hii kwake ni kitanzi. Wewe ungependa kubanwa pumzi?"

"Hapana, daktari." Mwoka mikate aliona haya mpaka masikioni.

Daktari alimshikilia samaki ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akimbembeleza kama mtoto mwenye homa. Mapezi yalipopata nguvu, samaki akachomoka. Daktari akafuta macho kwa kiwiko. Mji mzima ulimjua kwa hilo: mbwa wa watu akifa mezani kwake, yeye ndiye aliaye kuliko wenyewe.

Kisha akamfundisha. Kwenye mshipi alifunga nzi bandia wa manyoya, wa kuelea. Chini yake, kwa uzi mwembamba, akaning'iniza kidudu bandia cha kuzama.

"Wa juu mtazame tu. Akididimia ghafla, ujue wa chini ameshaliwa. Inua fimbo taratibu. Na kijino cha ndoana kibane kwa koleo kwanza, kisimrarue mdomo."

Walivua mpaka jua likasimama utosini. Mwoka mikate alinasa mwingine, akamwachia mwenyewe, na moyo wake ukawa mweupe.

"Gari lako linaungua kule juu," alisema. "Na kivuli kimejaa tele chini ya miti."

"Bati halilii," daktari alijibu. Nzi wake alitua majini bila kuamsha hata kiwimbi.

"Shemeji hajambo? Siku hizi haji kuchukua mikate."

"Yupo. Ana mdomo tu, lakini atapoa."

Wakacheka, kama wanaume wachekavyo mambo ya nyumbani.

Baadaye daktari akakunja mshipi wake, akaaga, akapanda mteremko akipiga mluzi. Mwoka mikate alibaki akimsindikiza kwa macho. Mwanamke aliyeolewa na mtu kama yule, aliwaza, hakika aliomba kwa Mungu akasikilizwa.

Ndipo alipoona kwamba bado ana koleo la daktari mkononi. Akamfuata mbio.

Alimkuta ameinama nyuma ya gari, buti la mizigo limefunguliwa, akinong'ona kwa sauti ileile laini aliyomtulizia samaki.

"Pole, mke wangu, pole. Vuta pumzi. Haya, utamwomba mama yangu radhi, au nirudi mtoni?"