Goti Lililofaulu

Tangu nipasuliwe na kutiwa kifaa kinachosema ndani ya goti, pia ya goti langu haijahama tena. Kila asubuhi goti lenyewe huiarifu hospitali kwa sauti: "Tiba imefaulu." Lakini sasa ndilo linaloamua likunjwe lini, na kuchuchumaa limekataa katakata.

Binti yangu Zamda alipojifungua, nilijibwaga mkekani kwa makalio, nikanyoosha miguu na kumlaza mjukuu juu yake, nimwogeshe kama nilivyoogeshwa mimi.

"Mzigo huu haujaruhusiwa," goti likasema. "Uweke chini."

"Mzigo ni wewe!" nikalijibu.

Likaanza kujikunja lenyewe, limdondoshe mtoto.

"Mama, nipe mwanangu!" Zamda akalia.

Nikalikandamiza goti kwa kiwiko, nikachota maji.

"Kesho kawaambie hospitali umeshindwa," nikaliambia.