Maji ya Mlangoni kwa Chozi

Mbu walipoingia kisiwani na meli, walileta homa iliyoua makinda ya ndege. Chozi akahamia kileleni mwa mlima, kwenye baridi wasikofika mbu, na kinda wake wa mwisho. Mlangoni pa kiota palikuwa na shimo la mti, akalijaza maji.

"Nawa kwanza, shoga, ndipo umwone mtoto," alimwambia jirani yake Tetere.

"Makubwa! Nimekulelea wanne, leo mimi mchafu?"

"Hao wanne wako wapi?"

Tetere akanawa.

Mwezi haukuisha, kinda akashikwa na homa, akafa. Tetere alipokuja kutoa pole aliinama kunawa, akaona viluwiluwi vya mbu vimejaa shimoni.

"Shoga, mbu wamezaliwa hapahapa."

Chozi akaanza kuyatoa maji kwa mdomo, tone kwa tone. Kiotani hamkuwa tena na kinda wa kulindwa.