Ngoma za Disemba

Fimbo ya ngoma ilimponyoka Boke katikati ya mazoezi, ikabingirika jukwaani mpaka ikaanguka chini. Wanawake wenzake wakaacha kupiga. Hawakuwahi kumwona akiangusha fimbo.

"Unaumwa?" akauliza Eunice, mpiga ngoma kubwa, rafiki aliyekuwa akiishi naye nyumba moja.

Boke alikuwa anatazama viti vya nyuma kabisa vya ukumbi ule mpya, ambavyo bado vilikuwa vimefunikwa nailoni. Mzee mmoja alikuwa amekaa pale, kofia mapajani, koti limemzidi mabega. Macho yao yalipokutana, mzee aliinuka taratibu akatoka.

Alikuwa baba yake.

Boke alitoroka nyumbani, kijiji cha ndani huko Butiama, akiwa na miaka kumi na miwili, alfajiri ya siku aliyopangiwa kukeketwa. Alikimbia huku ngoma zikilia nyuma yake, zile ngoma za Disemba zinazowasindikiza mabinti kwa ngariba. Masista walimpokea wakamsomesha. Tangu hapo, miaka kumi na moja sasa, habari ya nyumbani iliyomfikia ilikuwa moja tu: baba yako anakutafuta.

Sasa alikuwa amepewa kazi ya kutunga muziki wa ngoma, usio na maneno, wa kufungulia ukumbi huo wa mtaa wa Buhare. "Tunataka kitu cha furaha," afisa utamaduni alimwambia. Sehemu kubwa aliitunga kwa raha. Manyanga yaliigiza mawimbi yanavyopiga mawe ya ziwani, na madebe yakaleta vurugu za soko la Mwigobero mitumbwi ya dagaa inapoingia. Kilichomshinda ni mwisho. Kila alipojaribu kuufunga, mikono ilirudi yenyewe kwenye lile pigo la Disemba.

Jioni ile Machage, mlinzi wa ukumbi, alimsimamisha getini.

"Dada Boke, kuna mzee anakujaga hapa kukuulizia. Ameuliza unakaaga wapi, na nani. Ameuliza mpaka mlango wenu kama una komeo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unakaa na dada Eunice, na mlango ni wa chuma. Si nilijua ni ndugu yako."

Kuanzia siku hiyo Boke alibadili njia ya kurudi nyumbani. Bodaboda ikipunguza mwendo karibu naye, alikuwa anaingia duka la karibu. Eunice alimsihi aende polisi.

"Nikawaambie nini?" Boke akasema. "Kwamba baba yangu amekuja kusikiliza ngoma?"

Alifikiria kujitoa. Lakini kujitoa kulikuwa ni kukimbia tena, na safari hii hakujua akimbilie wapi. Basi akaacha kupigana na mikono yake. Aliliingiza lile pigo lenyewe kwenye utunzi. Linaanza kwa mbali, ngoma moja, inafuata nyingine, mpaka wote wanalipiga. Halafu, kabla halijafika mwisho wake, wanalikata kwa mpigo mmoja. Kimya.

Walipolijaribu mara ya kwanza, Eunice, mzaliwa wa Nyamuswa, ambako nako ngoma hizo hulia, alishusha fimbo zake akamtazama.

"Hili nalijua," alisema kwa sauti ya chini.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta. Boke alimwona baba yake kabla hajapanda jukwaani. Alikuwa amekaa karibu kabisa na mlango wa pembeni, na kila mara aligeuka kuchungulia nje.

Wakapiga. Kwenye manyanga watu walitabasamu, kwenye madebe wakacheka. Pigo la Disemba lilipoanza, akina mama wa makamo waliokuwa wakijipepea waliacha kujipepea. Mzee aliinamisha kichwa. Ngoma zikapanda, zikapanda, zikakatika.

Makofi yakalipuka, na Boke alipoinua macho, kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Aliwainamia watazamaji mara moja, hakusubiri ya pili. Alipita nyuma ya jukwaa, akashuka ngazi, akasukuma mlango wa nyuma akatafute bodaboda. Baba yake alikuwa amesimama pale pale nje, kati yake na geti.

"Shikamoo, baba." Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba."

Mzee akamsogelea. Boke akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainua fimbo za ngoma mbele ya kifua.

"Sirudi nyumbani," alisema. "Ukinishika napiga kelele."

Mzee hakumshika. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayehofia kuwa amefuatwa. Kisha akapeleka mkono nyuma ya kona ya ukuta, akamvuta binti aliyevaa sweta la shule, begi mgongoni.

"Huyu ni Hana, mdogo wako, ulimwacha anatambaa," alisema. "Bibi yenu ameshamwita ngariba. Mfiche kwenu, kwenye ule mlango wa chuma."